Jeraha lisiloonekana: wafungwa walioumia ubongo na wajibu wa kamati zetu

Ifuatayo ni hotuba ya mratibu wa huduma ya magereza aliyoitoa katika kikao cha pamoja cha kamati za parokia na wafadhili. Tumeichapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo ni nadra kuonekana katika taarifa zetu za robo mwaka. Taarifa hizo hutaja sabuni, ndala, dawa za upele, ada za watoto wa wafungwa, na vyerehani kwa wale wanaomaliza vifungo vyao. Leo naomba tuongeze neno moja, nalo ni ubongo. Nitazungumzia majeraha ya ubongo waliyo nayo baadhi ya watu walioko magerezani. Majeraha hayo hayaonekani kwa macho, na mara nyingi hata mwenye jeraha hajui kwamba analo.

Nina sababu ya kulileta jambo hili mbele yenu leo. Mwishoni mwa kikao hiki mtapitia utaratibu wetu wa kuwapokea wanaotoka gerezani. Utaratibu huo una kifungu kinachosema kwamba aliyekosa vikao vitatu bila taarifa anafutwa katika orodha ya kusaidiwa. Nakiombea kifungu hicho marekebisho. Lakini kwanza nieleze.

JERAHA LISILO NA KOVU

Mtu akivunjika mguu tunamwona na magongo yake, tunampisha njia. Akiwa kipofu tunamshika mkono. Aliyeumia ubongo hutembea kama sisi, husalimia kama sisi, hula kama sisi. Kidonda chake kimo ndani ya fuvu.

Ubongo ni laini, na umezungukwa na maji ndani ya mfupa mgumu. Kichwa kikigongwa kwa nguvu, au kikitikiswa kwa ghafla, ubongo hujigonga kwenye mfupa huo, na nyuzi zake nyembamba huvutika au kukatika. Ngozi inaweza isichanike hata kidogo. Mtu huzimia kwa dakika chache, huzinduka, hunawa uso, na watu husema, “Mungu mkubwa, amepona.” Wengi hupona kweli. Lakini wapo ambao hubaki na madhara kwa miezi, kwa miaka, au kwa maisha yote, hasa wale waliopigwa tena na tena.

Sehemu inayoumia mara nyingi ni ile ya mbele, nyuma ya paji la uso. Tunaweza kuifananisha na breki na usukani wa gari. Ndiyo inayotusaidia kupanga, kusubiri, kuzuia ulimi, na kufikiria matokeo kabla ya kutenda. Ikiumia, mtu anaweza kuonyesha dalili hizi:

(a) kusahau mambo ya jana huku akikumbuka ya zamani;
(b) kuelewa polepole, hasa anapoambiwa mambo mengi kwa pamoja;
(c) hasira za ghafla ambazo hata yeye hujutia baadaye;
(d) kukaa tu bila kuanza kazi, kana kwamba ni mvivu;
(e) kuumwa kichwa, kuchoka upesi, kukosa usingizi, kuchukia kelele;
(f) kupoteza uwezo wa kunusa, au kupata kifafa ukubwani.

Sasa mpelekeni mtu huyo gerezani. Askari anatoa maagizo matatu kwa mpigo. Anatekeleza la kwanza, mawili yamempotea. Anaitwa mkaidi. Mabweni yana kelele usiku na mchana, kichwa kinamuuma, mwenzake anamgusa bega, anarusha ngumi. Anaitwa mkorofi. Mahakamani maelezo ya leo hayafanani na ya mwezi uliopita. Anaitwa mwongo. Akitoka, anapewa tarehe ya kikao cha parokia, haji. Anaitwa asiye na shukrani. Ni majina manne ya tabia mbaya, na chanzo chake kinaweza kuwa jeraha moja.

WANACHOTUAMBIA WALIOPIMA

Ndugu zangu, haya si mawazo ya mtu mmoja. Mwaka 2010 watafiti walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi zilizofanywa magerezani katika nchi mbalimbali, wakakuta kwamba wafungwa takriban 60 kati ya kila 100 waliwahi kuumia ubongo. Mwaka 2013 hesabu ya namna hiyo ilifanywa kwa watu wazima wa kawaida katika nchi zilizoendelea, ikatoa takriban 12 kati ya 100. Njia za kuhesabu hutofautiana, kwa hiyo tusizilinganishe namba hizi kama bei za sokoni. Hata hivyo tofauti ni kubwa mno, haiwezi kupuuzwa.

Katika gereza la Leeds, Uingereza, wanaume zaidi ya 600 waliulizwa walipopokelewa. Asilimia 47 walieleza historia ya kuumia ubongo, na wengi wa hao waliumia mara ya kwanza kabla ya kutenda kosa lao la kwanza.

Kwa upande wa akina mama, mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti, walitoa matokeo ya mahojiano na wanawake 109 waliokuwa magerezani. Asilimia 78 walikuwa na historia ya majeraha ya kichwa yenye uzito. Wengi hawakuumia mara moja tu. Walipigwa tena na tena kwa miaka mingi, na chanzo kikuu cha vipigo hivyo vya kurudiarudia kilikuwa ukatili wa nyumbani. Kati ya waliokuwa na majeraha hayo, 40 kwa kila 100 walikuwa na ulemavu. Naomba akina mama wa kamati zetu waitafakari habari hii. Mwanamke anapigwa na mwenzi wake kwa miaka, hakuna anayefungwa kwa kipigo hicho, na mwishowe anayeingia gerezani ni yeye.

Glasgow ni mji ule ule ambako mwaka 1974 madaktari walitunga kipimo cha kujua mgonjwa amepoteza fahamu kwa kiasi gani, kwa kuangalia macho yake, maneno yake na jinsi anavyojongeza viungo. Kipimo hicho kinatumika hospitalini duniani kote, na hapa kwetu pia. Kinatusaidia siku ile ya ajali. Kazi inayobaki ni kumfuatilia mgonjwa miaka kumi baadaye, akiwa hana tena bendeji kichwani.

NA HAPA KWETU?

Takwimu za Leeds na Glasgow haziwezi kubandikwa kwenye magereza ya Tanzania. Lakini vyanzo vya majeraha tunavijua, maana tunaishi navyo.

Kipo chanzo cha barabarani. Vijana wetu wa bodaboda na abiria wao, wengine bila kofia ngumu, wengine wameining'iniza kwenye usukani. Kipo cha mashambani na kazini, kama kuanguka kutoka kwenye mwembe au mnazi, au kuangukiwa na kifusi machimboni. Kipo cha nyumbani, kwa akina mama na watoto wanaopigwa kichwani.

Kipo pia cha ugonjwa. Malaria kali inayopanda kichwani huacha majeraha hata pale mtoto anapopona. Tafiti zilizofanyika Kilifi nchini Kenya na Kampala nchini Uganda zilionyesha kwamba takriban mtoto mmoja kati ya wanne walionusurika alibaki na tatizo la kudumu la kuelewa, kukumbuka au kuzingatia jambo. Mtoto huyo anakua, anashindwa shule, anaitwa mjinga, anaingia mtaani. Hatuwezi kujua ni wangapi hufika mahabusu, lakini njia hiyo tunaiona wazi.

Na kipo chanzo ambacho hatupendi kukitaja kanisani, nacho ni kipigo cha “wananchi wenye hasira kali”. Ripoti za kila mwaka za Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC, zimekuwa zikieleza vifo vinavyotokana na vitendo hivyo. Tunahesabu waliokufa. Lakini yupo pia aliyeokolewa na polisi akiwa hai, amepigwa mawe na fimbo za kichwa. Anashonwa, anapelekwa mahabusu, anasubiri kesi. Huenda hakuwa na jeraha la ubongo asubuhi ile, na jioni analo. Waliompiga ni majirani, na baadhi yao Jumapili tunakaa nao benchi moja.

SI KISINGIZIO CHA UHALIFU

Najua swali lililo mioyoni mwenu. Je, nasema kwamba aliyeiba au kuua hana hatia kwa sababu aligongwa kichwa? Hapana. Watu wengi sana walioumia ubongo hawajawahi kuvunja sheria. Wamo humu ukumbini. Tena umaskini, pombe, na malezi ya vipigo huambatana na majeraha haya, na si rahisi kutenganisha kipi kilileta kipi. Aliyetendewa kosa naye ana haki yake, na mahakama ina kazi yake.

Ninachosema ni kwamba adhabu haifundishi kitu pale ambapo kichwa hakishiki fundisho. Tukitaka mtu asirudie kosa, lazima tujue anafundishika kwa njia gani.

Tena jumuiya ya kimataifa imeshalikubali jambo hili. Kanuni za Nelson Mandela kuhusu wafungwa, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015, zinataka mfungwa apimwe afya mapema baada ya kupokelewa. Zinataka pia kwamba kabla ya kumwadhibu kwa utovu wa nidhamu, uongozi wa gereza uangalie kama ugonjwa wa akili au ulemavu wa makuzi ulichangia kosa lake. Na zinakataza kumfungia peke yake mtu mwenye ulemavu ikiwa hali yake itazidi kuwa mbaya.

MTU WA RELI

Niruhusuni nitoe mfano mmoja wa zamani ambao madaktari huusoma hadi leo. Tarehe 13 Septemba 1848, katika jimbo la Vermont, Marekani, msimamizi wa kazi za reli aitwaye Phineas Gage alikuwa akishindilia baruti kwenye mwamba. Baruti ililipuka, na mtaimbo wa chuma ukapita chini ya shavu lake ukatokea utosini. Hakufa. Alizungumza siku ile ile. Lakini daktari wake, John Harlow, aliandika kwamba baada ya kupona jeraha tabia yake ilibadilika, akawa mtu wa matusi na asiyeshika mpango, hata rafiki zake wakaona si yule waliyemjua.

Wengi huishia hapo wanaposimulia. Habari haikuishia hapo. Gage alikwenda Chile, akafanya kazi kwa miaka kadhaa ya kuendesha magari ya abiria yanayovutwa na farasi. Hiyo ni kazi ya kuamka mapema, kufunga farasi, kufuata ratiba na kukaa vizuri na abiria. Wataalamu waliochunguza maisha yake wanaona kwamba utaratibu wa kila siku wa kazi ile huenda ndio uliomsaidia kujirudi. Kwa hiyo mtu huyu anatufundisha mambo mawili. Jeraha la ubongo linaweza kubadili tabia. Na utaratibu thabiti, kazi moja, saa ile ile kila siku, unaweza kumrudishia mtu sehemu ya maisha yake.

TUFANYE NINI?

Sisi si madaktari, na hatuendi gerezani kupima ubongo. Lakini yapo tunayoyaweza, kwa ruhusa ya Mkuu wa Gereza na kwa kushirikiana na mganga wa zahanati ya gereza, afisa ustawi wa jamii na padre anayehudumia gereza.

(a) Tuulize. Maswali ni machache, na yaulizwe faraghani kwa heshima: “Mwanangu, umewahi kugongwa au kupigwa kichwani? Ulipoteza fahamu, au uliona kizunguzungu na kusahau yaliyotokea? Ni mara ngapi? Baada ya hapo, ulijiona umebadilika?” Kwa mama aliyepigwa nyumbani, aulize mwanamke mwenzake, na mtu mwingine yeyote asiwepo. Anachojibu ni siri yake. Kisiandikwe kwenye daftari la kamati wala kutajwa kwenye jumuiya ndogondogo.

(b) Tumpeleke kwa mtaalamu. Akisema ndiyo, na dalili zipo, tumwombe ruhusa tumjulishe mganga wa gereza. Anayeanguka kifafa ana dawa zake. Hahitaji kutolewa pepo ili aache kumeza vidonge. Na aliyeumia kichwa karibuni, akianza kutapika, kusinzia kupita kawaida, kuchanganyikiwa au kupata degedege, huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

(c) Tubadili namna ya kusema. Jambo moja kwa wakati mmoja, kwa sentensi fupi. Mwombe alirudie kwa maneno yake. Mwandikie kwenye karatasi, au mchoree kama hajui kusoma. Chagueni mahali penye utulivu. Akipandisha hasira, nyamazeni, mpeni nafasi, rudini baadaye. Msimwaibishe mbele ya wenzake.

(d) Tuwashirikishe wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Mahabusu mwenye historia ya kuumia ubongo anahitaji mtu wa kuieleza historia hiyo kabla ya hukumu, pamoja na karatasi za hospitali kama zipo. Ndugu wa familia ndio wanaojua karatasi ziko kwenye sanduku gani. Kuzitafuta ni kazi ambayo kamati ya parokia inaiweza vizuri.

(e) Tuzuie. Mahubiri juu ya kofia ngumu hayapunguzi utakatifu wa misa. Na sauti ya mwenyekiti wa jumuiya ikisema “Msimpige, mpelekeni polisi” inaweza kuokoa kichwa cha mtu.

NENO KWA WAFADHILI WETU

Nanyi wafadhili, tunawashukuru kwa moyo wenu. Mmezoea kutuuliza ni wangapi waliopewa vyerehani na ni wangapi bado wanavitumia baada ya mwaka. Swali hilo ni halali. Lakini naomba tuelewane kuhusu jambo moja. Walioumia ubongo ndio watakaoshusha asilimia zetu. Watachelewa, watasahau marejesho, watahitaji kufundishwa mara tano kile ambacho mwenzao alifundishwa mara moja. Mradi ukitaka namba nzuri, njia rahisi ni kuwaacha nje, na hakuna atakayegundua, kwa kuwa jeraha lao halionekani.

Huko Uingereza shirika la The Disabilities Trust, ambalo tangu mwaka 2023 linaitwa Brainkind, liliweka watumishi ndani ya magereza kadhaa kwa ajili ya watu hawa tu. Kazi yao ni kuwatambua kwa maswali mafupi, kuwasaidia kupanga siku zao, kuwaelimisha askari, na kuendelea kuwa nao wanapokaribia kutoka. Kwa sehemu kubwa si kazi ya mashine. Ni kazi ya mtu na muda wake.

Kwa hiyo ombi letu halina gharama za kutisha. Tunahitaji nauli ya mjitolea wa kumtembelea mtu mmoja kila wiki kwa miezi sita ya mwanzo, daftari na saa ya mkononi yenye kengele kwa kila anayehitaji, na siku mbili za mafunzo kwa wajitolea, zikiongozwa na wataalamu wa afya. Na katika fomu ya taarifa tunaomba safu moja ya ziada ya kuandika: “Amesaidiwa kwa muda mrefu zaidi, bado tuko naye.” Tuhesabu hilo kuwa ni tunda, lisiwe deni.

KIFUNGU TUNACHOKWENDA KUPIGIA KURA

Kwa kumalizia, narudi kwenye kifungu cha vikao vitatu. Kiliwekwa kwa nia njema. Fedha ni kidogo, wenye shida ni wengi, na haifai kumsubiri asiyetaka. Lakini kama kilivyoandikwa hakiwezi kumtenganisha asiyetaka na asiyekumbuka. Napendekeza kiongezwe maneno haya: “Kabla ya kumfuta mtu, wajumbe wawili watamtembelea alipo, watamuuliza sababu, na watamuuliza kama amewahi kuumia kichwa. Ikiwa ndivyo, atapangiwa mtu wa kumkumbusha na kumfuata, na hatafutwa mpaka njia hiyo ijaribiwe kwa miezi mitatu.”

Injili ya Mathayo, sura ya 25, inamtaja mfungwa pamoja na mgonjwa, na wote wawili wanahesabiwa kuwa ni Bwana mwenyewe. Wapo watu ambao ni wote wawili kwa pamoja, mfungwa na mgonjwa, na sisi tumezoea kuwatembelea kama mfungwa tu.

Kwa mujibu wa orodha iliyo mezani, majina kumi na moja yanasubiri kufutwa leo. Naomba kabla ya kupiga kura kila kamati ichukue majina yake, na wajumbe wawili wajitokeze kwa kila jina.